Kulala Porini Bila Bunduki: Familia Ijilinde kwa Lipi?

Kila ikaribiapo likizo ya Juni, kamati za misikiti na walimu wa madrasa huletewa ombi lile lile: watoto wapelekwe wakaione ardhi ya Mwenyezi Mungu nje ya kuta za mji. Zamani safari hizo ziliishia Bagamoyo, watu wakala pilau ufukweni na kurejea kabla ya Magharibi. Siku hizi familia zinataka zaidi. Zinataka hema, moto wa kuni, na usiku mmoja au mbili ndani ya hifadhi, aghalabu Mikumi kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake, au Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini mwetu inayopakana na Bahari ya Hindi. Na ombi hilo lifikapo mbele ya kamati, swali la kwanza haliwi la nauli wala la chakula. Huwa ni hili: bunduki atakuwa nayo nani?

Si swali la kipuuzi. Mzazi anayemlaza mwanawe wa miaka 6 nyuma ya kitambaa chembamba cha hema, mahali ambapo simba ndiye mwenyeji na binadamu ndiye mgeni, ana wajibu wa kuuliza. Katika kikao kimoja mzee wetu mmoja, anayemiliki bunduki ya marisau kwa kibali halali, alijitolea kuja nayo ili akeshe mlangoni pa kambi. Nia yake ilikuwa njema na wengi walifarijika kumsikia. Hata hivyo jibu ni hapana, na inafaa familia zifahamu kwa nini ni hapana kabla hazijafika getini na kupata fedheha.

Kibali cha kumiliki silaha nchini hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Lakini kibali hicho hakimpi mtu ruhusa ya kuingia na silaha katika hifadhi ya taifa. Humo ni marufuku kwa mgeni kuwa na silaha bila ruhusa maalumu, na marufuku hiyo haikuwekwa kwa ajili ya bunduki peke yake. Mishale, mikuki, mitego na sumu vimo pia. Wengi huchanganya hifadhi za taifa na mapori ya akiba. Katika mapori ya akiba uwindaji wa leseni upo kwa taratibu zake. Katika hifadhi za taifa haupo kabisa, na kwa hiyo raia mwenye bunduki humo hana maelezo yanayoweza kumsaidia mbele ya askari.

Sababu ya ukali huo haihitaji kutafutwa mbali. Hesabu za tembo zilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa nao takriban 109,000 mwaka 2009, na ilipofika mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Katika miaka 5 tu zaidi ya nusu waliondoka, wengi wao kwa risasi za majangili waliotafuta meno ya ndovu, na eneo la Selous, ambalo ni jirani ya Mikumi, lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Askari wa uhifadhi anayekutana na mtu mwenye bunduki usiku hana namna ya kupima nia iliyomo kifuani mwake. Lau kila baba wa familia angeruhusiwa kubeba yake, jangili naye angejifanya baba wa familia.

Wenye silaha humo ni askari wa uhifadhi wenyewe. Anayetaka kutembea kwa miguu porini huandamana na askari mwenye silaha, kwa malipo na kwa utaratibu wa hifadhi. Mkubwa wa msafara na aulize mapema, kabla ya siku ya safari, kambi iko umbali gani kutoka kituo cha askari, kama wanazunguka usiku, na ni namba gani ya simu inayopokelewa saa 8 usiku. Aulize pia kama mtandao unafika kambini, kwani namba ya simu pasipo na mtandao ni karatasi tu.

Sasa tuseme kweli kuhusu bunduki yenyewe, maana wapo watakaosoma haya na kuona kwamba sheria imewanyima ulinzi. Huko Alaska, Marekani, ambako kubeba bunduki porini ni jambo la kawaida, watafiti walichambua matukio 269 ya watu kukabiliana na dubu huku wakiwa na silaha za moto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliotumia silaha zao na wasiozitumia walijeruhiwa kwa kiwango kisichopishana. Mnyama huja ghafla, mkono hutetemeka, silaha iko mbali au haijajazwa, au risasi inampata dubu mahali pasipomzuia. Hayo ni ya watu wazima, wengi wao wazoefu. Itakuwaje basi kwa mzee aliyeamshwa usingizini, gizani, katikati ya mahema manane yaliyojaa watoto wa watu? Binafsi naiogopa zaidi bunduki hiyo kuliko simba.

Wajuzi wa jambo hili tunao karibu, wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Ndugu zetu wa Rufiji, Lindi na Mtwara wamelala mashambani bila bunduki vizazi na vizazi, juu ya dungu, wakilinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Na wamelipa gharama kubwa. Utafiti ulioongozwa na Craig Packer, mtaalamu wa simba aliyefanya kazi nchini kwa miaka mingi, ulihesabu kwamba baina ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 300. Sehemu kubwa ya maafa hayo ilitokea katika wilaya za kusini, vijijini na mashambani, hasa wakati wa mavuno. Nguruwe mwitu walifuata mazao, simba wakafuata nguruwe, na njiani wakamkuta mtu amelala katika kibanda kisicho na mlango. Mtu yule hakuwa shabaha tangu awali. Alikuwa amelala penye chakula. Anayekwenda kupiga hema na azingatie hilo, kwa sababu karibu kila tahadhari iliyobaki inatokana nalo.

Kundi hilo la watafiti lilirudi tena na kuchunguza karibu mashambulio 500 yaliyotokea baina ya mwaka 1988 na 2009, safari hii likitazama saa na hali ya mwezi. Likaona kwamba mashambulio mengi yalitokea baada ya jua kuzama, katika saa za mwanzo za usiku, na yalizidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Maelezo yake ni mepesi kwa mtu azoeaye kuutazama mwezi. Katika usiku wa mbalamwezi simba hawindi vizuri, kwa kuwa mawindo yanamwona. Akishinda na njaa siku kadhaa, mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, na mara baada ya Magharibi linatanda giza ambalo watu bado wamo nje wakipika na kuzungumza. Kweli, waliochunguzwa walikuwa wanavijiji, si watu wa mahema. Lakini simba ni yule yule na giza ni lile lile.

Hapa Waislamu tuna faida ambayo jirani zetu hawana, nayo ni kalenda ya Hijria ukutani. Tarehe yake ni hali ya mwezi. Kuanzia mwezi 8 hadi mwezi 14 jua linapozama mwezi tayari uko juu, na saa za mwanzo za usiku zina nuru. Kuanzia mwezi 16 hadi 20 mambo hugeuka: giza la jioni linakuja kwanza, mwezi unafuata baadaye. Kamati inayopanga safari kwa kutazama likizo za shule peke yake na itazame pia upande wa pili wa kalenda. Zile siku nyeupe tulizozoea kuzifunga, yaani 13, 14 na 15, zina usiku mweupe vilevile, ingawa ni vyema msafara uwe unaondoka zinapokwisha na si kufika.

Kuhusu mahali pa kupiga hema, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha wasafiri, kama ilivyopokewa na Imam Muslim, wasilale njiani usiku kwa kuwa njia ni mapito na makimbilio ya wanyama na wadudu wenye madhara. Kwa maisha ya hifadhini hakuna agizo linalolingana na hali zaidi ya hilo. Mnyama naye hupenda njia iliyofyekwa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi na hurudi kwa njia ile ile kila siku, njia ambayo mchana inaonekana wazi kama mifereji miwili sambamba yenye mgongo wa nyasi katikati. Hema lililowekwa juu ya njia hiyo limewekwa mlangoni pa mtu. Kwa hiyo mkifika, na mfike saa 10 jioni na si baadaye, wakubwa watembee kwanza waikague ardhi: kuna kinyesi cha tembo kibichi? Kuna mti wenye matunda yaliyoanguka, kama mng'ongo au mvumo, ambao tembo watautembelea? Kuna majani marefu yanayogusa mahema? Kambi za hifadhi zetu kwa kawaida hazina uzio, na alama ya mahali pa kambi ni eneo, si ukuta.

Kisha mahema yakaribiane. Imepokewa pia kwamba Maswahaba walikuwa wakishuka mahali hutawanyika mabondeni, Mtume (s.a.w.) akawakataza, na tangu hapo wakawa wakikusanyika hivi kwamba nguo moja ingeweza kuwafunika wote. Najua familia zetu hupenda faragha, na kina mama wana haki ya stara. Stara inapatikana kwa kugeuza milango ya mahema na kutundika shuka baina yake. Haipatikani kwa kulipeleka hema la wanawake mita 60 kando, gizani, kama nilivyopata kuona ikifanywa kwa kuitwa adabu. Magari yawekwe ubavuni mwa mahema, pua zikitazama njia ya kutokea, na funguo ziwe mahali panapojulikana na watu wazima wote. Gari ndiyo nyumba ya kukimbilia, na honi yake ndiyo sauti kubwa kuliko zote mlizo nazo.

Chakula ndicho kinacholeta taabu nyingi zaidi kambini, kupita vitu vyote vingine, na tabia zetu za ukarimu hazitusaidii hapo. Tunapenda sinia libaki na kitu. Tunapenda mtoto alale na biskuti mkononi. Porini mabaki ya pilau, mifupa, maganda ya machungwa na ndizi ni mwaliko. Tembo huyanusa machungwa na maembe kutoka mbali na amepata kuchana hema na kukunja mlango wa gari kwa ajili yake. Fisi huja kwa mifupa na hata kwa viatu vya ngozi vilivyoachwa nje. Nyani na tumbili huja mchana kweupe, na nyani dume mwenye meno yale hapokonywi mkate na mtoto akabaki salama. Basi hakuna chakula chochote kinacholala ndani ya hema, hata pipi, hata kopo la maziwa ya mtoto mchanga, hata dawa ya meno yenye harufu ya matunda. Vyote viingie garini, katika chombo chenye mfuniko, vioo vimefungwa. Sufuria zioshwe kabla ya giza na maji yake ya kuoshea yamwagwe mbali na mahema. Jikoni pawe mbali kidogo na pa kulala.

Na kwa ndugu waliouliza kama inawezekana kuingia na mbuzi hai ili achinjwe kambini, na nyama iwe ya uhakika na ya moto: mifugo hairuhusiwi kuingizwa hifadhini, kwa sababu ya maradhi yanayoambukizana baina ya mifugo na wanyamapori. Hata ingeruhusiwa, damu na matumbo yaliyomwagwa karibu na mahema ni mambo ambayo mwenye akili hayafanyi. Chinjeni nyumbani, nyama ikatwe, ipoozwe, ije katika boksi la barafu.

Maji nayo, wakati wa kiangazi, ni sawa na chakula. Tembo mwenye kiu huyatafuta popote yalipo, na ndoo iliyojaa nje ya hema ni kisima kwake. Madumu yafungwe na yawekwe garini.

Hilo linatufikisha kwenye jambo ambalo vitabu vya watalii haviligusi, kwa kuwa watalii wengi hawaamki saa 11 alfajiri. Sisi tunaamka. Na saa ile kati ya Alfajiri na kupambazuka ndiyo ambayo viboko wanarejea majini, simba na fisi wanamaliza mizunguko yao, na mtu mwenye usingizi anatoka na kopo lake kutafuta mahali pa kutawadha, tochi mdomoni, akili bado iko kitandani. Mtu akiniuliza ni wakati gani hasa familia ya Kiislamu iko hatarini kuliko familia nyingine yoyote kambini, jibu langu ni hapo.

Dawa yake ni maandalizi ya jioni. Kila hema lilale na birika lililojaa na beseni ndani yake, mfuniko umefungwa, ili udhu uchukuliwe ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa zipu. Watoto na wazee wenye haja ya kutoka usiku wawekewe ndoo yenye kifuniko ndani ya hema. Si aibu, wala si mara yao ya kwanza. Anayelazimika kwenda chooni asiende peke yake, na kabla ya kufungua zipu yote afungue kidogo, amulike kwa tochi pande zote taratibu na kutazama kama macho yoyote yanaakisi mwanga. Akiyaona, afunge na kukaa. Na ikitokea kwamba maji yameishia garini ilhali nje kuna mnyama, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba mwenye kumhofia mnyama mkali baina yake na maji huhesabiwa kama asiye na maji, na tayamamu ni halali kwake. Mchanga wa kutosha uko chini ya turubai lako. Asiwepo mtu wa kumwona mwenzake amepungukiwa na imani kwa kuitumia ruhusa hiyo.

Swala yenyewe iswaliwe wapi? Msafiri wa kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi amevuka masafa ya kupunguza swala, na anaweza kuleta Isha katika wakati wa Magharibi. Nashauri ifanyike hivyo, ili shughuli za nje zipungue mapema katika zile saa za giza la mwanzo. Jamaa iswaliwe baina ya mahema na magari, taa zikiwaka, na isiwe ya watu wote kwa pamoja. Kibla chetu kiko kaskazini. Wote wakielekea huko na kusujudu, pande tatu zimebaki bila jicho. Wagawanyike mafungu mawili, moja liswali na jingine likae likitazama, kisha wabadilishane. Aliyesoma mlango wa swala ya khofu atalikumbuka wazo hilo linakotoka, ingawa hapa halihitaji hukumu zake zote.

Kijana mmoja wa madrasa aliuliza kama adhana itawachokoza wanyama. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika eneo la Kruger, Afrika Kusini, ambamo watafiti waliweka vipaza sauti kwenye maeneo ya maji na kuwasikilizisha wanyama ngurumo za simba, milio ya bunduki, mibweko ya mbwa na sauti za watu wakizungumza kwa kawaida. Wanyama walielekea kukimbia maradufu waliposikia watu wakizungumza kuliko waliposikia simba. Kwa hiyo adhana ya sauti ya wastani haina dhara, na mazungumzo ya kawaida kambini yana faida. Wanaowekewa marufuku ni majirani wa kambi ya pili, ambao huenda wamelala. Adabu ya jirani haiachwi Dar es Salaam.

Moto ni rafiki wa kambi, lakini sifa zake hutiwa chumvi. Humtia mnyama wasiwasi, haumzuii. Fisi amepata kuiba nyama kando ya makaa yanayowaka. Uwashwe mahali palipotengwa, kwa kuni zilizonunuliwa au kuruhusiwa, na uzimwe kabisa kwa maji kabla ya watu kulala. Mtume (s.a.w.) alikataza moto kuachwa ukiwaka ndani ya nyumba watu wakiwa usingizini, na hema ni nyumba ya nailoni.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema kwa hali yoyote. Usiku wa Juni Mikumi huwa na baridi, na mama mwenye kichanga atashawishika kulisogeza jiko ndani ili mtoto apate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humpitisha mtu kutoka usingizi hadi mauti bila kukohoa. Makaa yanayoonekana kufa bado huitoa. Katika yote yaliyoandikwa katika makala haya, hili ndilo linaloweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja, kimya, na halina pembe wala makucha. Bebeni mablanketi ya ziada.

Nyoka na nge wanahitaji maneno machache. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, zipu ifungwe hata mchana, mtu asitie mkono chini ya gogo, na haja ndogo isielekezwe kwenye mashimo ya ardhini, jambo ambalo limekatazwa katika Sunna pia. Kifutu halikimbii kundi la watu. Hujilaza njiani akitegemea rangi yake, na wengi hung'atwa kwa kumkanyaga. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, apelekwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukata damu. Swila akimtemea mtu mate machoni, yaoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu. Na msisahau mbu, kwani malaria imewatoa machozi wazazi wengi zaidi ya simba: vyandarua, dawa ya kujipaka, mikono mirefu baada ya Magharibi. Mbung'o wa mchana huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyokoza. Kina dada wanaovaa mabuibui meusi wanaweza kuchagua yenye rangi ya mchanga au kijivu kwa siku hizo.

Akija mnyama pamoja na tahadhari zote? Waliomo ndani ya hema wabaki ndani, zipu imefungwa, kimya, tochi zimezimwa. Kwa kawaida simba hulichukulia hema lililofungwa kama kichuguu. Wengi wamepitiwa na simba usiku na kujua asubuhi kwa nyayo. Aliye nje na kumkuta simba asikimbie kamwe, kwani kukimbia ndiko kunakomfanya mtu awe windo. Amkabili, anyanyue mikono na kupanua nguo zake, aseme kwa sauti nzito, arudi nyuma hatua kwa hatua akielekea garini. Mtoto anyanyuliwe bila kumpa mnyama mgongo. Kwa tembo ni kinyume kidogo: apewe nafasi, asipigiwe kelele wala kumulikwa usoni, watu waingie garini kimyakimya upande ule asiouona. Kiboko hasemezwi, anaondokewa njiani, na hakuna anayesimama baina yake na maji.

Haya yote mtoto hawezi kuyakumbuka, na hapaswi kubebeshwa yote. Mfundisheni matatu, nyumbani, wiki moja kabla, na ayarudie kwa mdomo wake: hatoki hemani bila mtu mzima, hakimbii, na hana chakula hemani. Kila mtoto avae filimbi shingoni. Kila mtu mzima apewe watoto wake kwa majina, wasiozidi watatu, na awahesabu wakati wa kushuka garini, baada ya kila swala, na kabla ya kulala. Msimamizi akisema watoto wapo 24, awe amewahesabu. Asiwe amekisia kwa kelele zao.

Wale watakaochagua Saadani waongeze jambo moja. Pwani hiyo, aliyoitetea Bwana Heri dhidi ya Wajerumani katika miaka ya 1888 hadi 1890, ina bahari tulivu inayowafanya watu wasahau kwamba wako hifadhini. Mto Wami una mamba na viboko, na viboko huogelea hadi karibu na mdomo wa mto. Kuoga baharini kuwe mahali walipoelekeza askari, mbali na mdomo huo, na si jioni.

Siku ya kurejea, subirini kupambazuke ndipo mahema yakunjwe, kwa kutazama chini ya turubai kabla ya kulinyanyua, maana nge hupenda ubaridi wake. Taka zote zirudi na gari, hata maganda. Fisi aliyezoeshwa mabaki na msafara wenu atakuja tena kesho usiku, na hema atakalolikuta huenda ni la watu wengine wenye watoto. Na mkitoka, barabara ile ya Mikumi hupita ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50; dereva aheshimu vibao vya mwendo, kwa kuwa wanyama huivuka saa zote na faini ya kumgonga mmoja wao hutegemea ni mnyama gani.